Amri Nne za Zanzibar: Nani Aliulizwa?

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Wazanzibari wa Sib, Maskati)





Nimetakiwa nizungumze juu ya amri zilizotolewa na watawala wa Zanzibar katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, yaani amri za kuzuia biashara ya watumwa na baadaye kuondosha utumwa wenyewe. Najua mada hii ina miba. Kila ikitajwa barazani mmoja hununa, mwengine hupandisha sauti, na wa tatu huaga akaenda zake. Lakini jambo tukiliogopa watalisema wengine kwa niaba yetu, na watalisema wanavyotaka wao. Kwa hivyo nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnisahihishe.

Kabla sijaingia Unguja, niseme kidogo juu ya hapa tulipokaa. Sib ina jina katika historia ya utawala. Tarehe 25 Septemba 1920 hapa palifungwa makubaliano baina ya serikali ya Sultan Taimur bin Faisal iliyokuwa Maskati na masheikh wa makabila ya bara waliokuwa upande wa Imam Muhammad bin Abdullah Al-Khalili. Mwengereza Ronald Wingate, aliyekuwa balozi mdogo Maskati, ndiye aliyekuwa katikati, na Sheikh Isa bin Salih Al-Harthi alizungumza kwa upande wa bara. Walikubaliana, pamoja na mengine, kwamba mali inayotoka bara ikiingia katika miji ya pwani isitozwe ushuru zaidi ya asilimia 5, na kwamba watu wa bara wawe na amani wakiteremka mijini, na wao wasiishambulie miji hiyo. Mkataba ule ulishika miaka zaidi ya 30, mpaka mambo yalipoharibika katika miaka ya 1950.

Kwa nini nautaja? Kwa sababu mkataba na amri ni vitu viwili mbalimbali. Mkataba una pande mbili, na kila upande una kitu cha kutoa na kitu cha kudai. Amri ina mwenye kuamrisha na mwenye kuamrishwa. Huyu wa pili huisikia ikisomwa, au huikuta imebandikwa ukutani, au hukuta maisha yake yameshabadilika ndipo akauliza kumetokea nini. Zanzibar ya wakati ule haikuwa na baraza la kutunga sheria. Baraza hilo lilikuja 1926. Kabla ya hapo sheria ilikuwa ni neno la mtawala na muhuri wake.

Basi leo nataka tuzipitie amri nne: ya 1873, ya 1876, ya 1890 na ya 1897. Kwa kila moja tuulize masuali matatu. Nani aliulizwa? Nani alilipwa? Na nani aliachiwa mzigo?

Amri ya kwanza, 1873

Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti mwaka 1870. Hakuwa mtu wa kusukumwa ovyo. Alikwisha kuonja uhamisho Bombay baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Sayyid Majid mwaka 1859, na alirudi akiwa na fikra zake. Lakini mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka kwa maelfu, majahazi yalivunjika bandarini, na meli za Sultani mwenyewe zilizama. Mtu aliyeanguka namna hiyo hana nguvu ya kubishana kwa muda mrefu.

Mwezi wa Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere kutoka London na rasimu ya mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe tena baharini. Sayyid Barghash alikataa. Alijua ushuru wa biashara hiyo unaingia katika hazina yake, na alijua wenye mashamba watamwambia nini. Frere akaondoka mikono mitupu. Ndipo balozi John Kirk akapewa maagizo kwamba asipotia saini, manowari zitakizunguka kisiwa kisiingie wala kisitoke kitu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini, na soko la Mkunazini likafungwa. Pahala pale pakajengwa kanisa la Waanglikana, na bado lipo.

Nani aliulizwa? Aliulizwa Sultani, tena huku mizinga imeelekezwa kwake. Wenye mashamba walipewa khabari. Mtumwa hakuulizwa na mtu. Tena ndugu zangu, isomeni vizuri: ile ya 1873 haikumwacha huru mtumwa hata mmoja aliyekuwa shambani Unguja au Pemba. Ilizuia kuletwa kwa wapya kwa njia ya bahari na ilifunga masoko ya hadharani. Aliyekuwa analima karafuu Chwaka ya Pemba siku ya tarehe 4 Juni aliamka tarehe 6 Juni na jembe lilelile.

Amri ya pili, 1876

Biashara ni kama maji, ukiyaziba hapa yanatafuta pengine. Bahari ilipofungwa, misafara ikashika njia ya nchi kavu. Watu waliotolewa bara wakafikishwa upande wa Kilwa, kutoka hapo wakatembezwa kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini mpaka upande wa Pangani, halafu usiku wakavushwa mkondo ule mdogo kuingia Pemba. Na Pemba ndiko kulikokuwa na haja kubwa, kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliiumiza Unguja zaidi, bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakawa wanataka mikono.

Fikirini hapo kidogo. Sheria iliyotungwa kwa jina la huruma iliwaongezea wale watu safari ya mamia ya maili kwa miguu. Walioitunga hawakukusudia hivyo. Lakini mwenye kutunga sheria bila ya kumjua yule inayemgusa hupata matokeo asiyoyakusudia, na mwenye kulipa matokeo hayo ni yule asiyeulizwa.

Mwezi wa Aprili 1876 Sayyid Barghash akatoa matangazo mawili zaidi: misafara ya watumwa isiteremke kutoka bara kuja pwani, na watumwa wasipitishwe kwa njia ya nchi kavu kando ya pwani. Mwaka uliofuata, 1877, likaanzishwa jeshi lake la kisasa chini ya Luteni Lloyd Mathews, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Kiingereza. Jina hilo mliweke akilini, litarudi.

Kuna wanaosema Barghash alitoa matangazo yale kwa imani yake, na wengine wanasema ni Kirk tu. Mimi nasema mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Barghash alikuwa amekwisha kuona kwamba hatima ya nchi yake inategemea urafiki wa Waingereza dhidi ya wengine waliokuwa wakiinyemelea, naye akalipa bei ya urafiki huo. Kwa bahati mbaya bidhaa hakupewa. Kufikia 1886 Wajerumani na Waingereza walikaa wakagawana bara yake, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10.

Amri ya tatu, 1890

Sasa tunakuja kwenye amri ambayo watu wengi hawaijui, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayofundisha zaidi. Tarehe 1 Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alitoa amri ndefu. Angalieni wakati wenyewe: mwezi wa Juni alikuwa amekwisha kukubali ulinzi wa Kiingereza, na tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kubadilishana, Zanzibar huku, kisiwa cha Heligoland kule. Mwezi mmoja baadaye ikatoka amri hii.

Ilisema nini? Kwanza ilithibitisha amri zote zilizotangulia dhidi ya biashara ya watumwa, na ikaongeza maneno ya ajabu: kwamba amri hizo, ziwe zilitekelezwa au hazikutekelezwa, kuanzia sasa zinamfunga Sultani na raia zake. Ndugu zangu, serikali ikiandika hivyo kwa mkono wake, imekiri kwamba palikuwa na amri zilizolala kabatini. Halafu ikasema kuuza, kununua na kubadilishana watumwa ni marufuku kabisa, na nyumba za madalali zifungwe. Ikasema mwenye mtumwa akifa, mtumwa atarithiwa na watoto wake wa halali tu, na asiyeacha watoto basi watumwa wake wawe huru. Ikasema bwana anayemtesa mtumwa atiiwe adabu na aweza kunyang'anywa. Ikagusia pia haki ya kudai mbele ya kadhi. Lakini pia ikasema wazi kwamba walio watumwa kwa halali siku ile watabaki na mabwana wao kama walivyokuwa.

Na ndani ya amri hiyo kulikuwa na kifungu kimoja cha dhahabu: kila mtumwa ana haki, wakati wowote, ya kujikomboa kwa bei ya haki, akalipa fedha zake mbele ya kadhi. Hii ilikuwa haki ya mtumwa mwenyewe. Haikungoja hisani ya bwana wala huruma ya balozi. Mtu angechuma karafuu, angebeba mizigo bandarini, angekusanya pesa moja moja, akaenda kwa kadhi akatoka mtu huru.

Kifungu hicho kiliishi muda gani? Hakikumaliza mwezi. Wenye mali walikasirika, mji ukachafuka, na mwezi uleule wa Agosti likatoka tangazo jengine: mtumwa akileta fedha zake kwa kadhi, bwana halazimishwi kuzipokea. Basi. Haki ikawa ombi.

Hapo ndipo tuone amri ni kitu gani. Haki iliyopewa watu kwa kalamu ya mtu mmoja ilifutwa kwa kalamu ileile, bila ya mjadala, bila ya kura, bila ya mahakama ya kukata rufaa. Wenye mashamba walikuwa na mlango wa kupiga hodi kwa Sultani, wakapiga, wakasikilizwa. Mtumwa hakuwa na mlango.

Kalamu inahamia mkono mwengine

Kabla ya amri ya nne lazima tuseme yaliyotokea katikati. Mwaka 1891 Gerald Portal, aliyekuwa balozi mkuu wa Uingereza, aliipanga upya serikali ya Zanzibar. Hazina ya Sultani ikatengwa na hazina ya nchi, Sultani akawekewa posho ya mwaka, na yule Lloyd Mathews wa 1877 akafanywa Waziri wa Kwanza. Tangu hapo amri ziliendelea kutoka kwa jina la Sultani na kwa muhuri wake, lakini rasimu ilikuwa inaandikwa kwengine.

Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika kasri bila ya idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti, saa 3 asubuhi kwa saa zetu, manowari zikafyatua mizinga. Kwa muda wa dakika 40 hivi kasri likawa vifusi, meli ya Glasgow ikazama, na watu kiasi cha 500 wakauawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Sayyid Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti siku ileile. Miezi saba na siku kadhaa baadaye ndipo ilipotoka amri ya nne. Kwa hivyo anayesema kwamba Sayyid Hamoud aliitoa kwa hiari yake peke yake, namwomba aitazame Forodhani ilivyokuwa Agosti 1896.

Amri ya nne, 6 Aprili 1897

Amri hii ndiyo inayotajwa vitabuni kuwa iliondosha utumwa Unguja na Pemba. Utangulizi wake ni wa kuvutia. Unakumbusha mkataba wa Sayyid Barghash wa mwaka 1290 Hijria. Unasema watumwa halali wamepungua mno hata mashamba mengi yamelala bila ya kulimwa, na kwamba mpango wa utumwa unawazuia vibarua huru kuja kufanya kazi katika nchi yetu. Na unasema Mtume, sala na salamu zimshukie, ametuonesha kwamba kuacha huru watumwa ni jambo la kusifiwa sana.

Sababu hizo tatu zimekaa katika karatasi moja: mkataba, mashamba, na dini. Na tusidanganyane, hiyo ya mashamba imeandikwa kwa wino mzito. Serikali ilitaka karafuu zichumwe, kwani ushuru wa karafuu ndio uliokuwa ukiiweka serikali yenyewe.

Sasa, ilifanya nini? Haikusema kwamba kuanzia leo kila mtu ni huru. Ilisema mahakama zisikubali tena dai lolote la mtu kumiliki mwili, kazi au mali ya mwenziwe kwa hoja ya kuwa ni mtumwa wake. Anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani akaombe. Bwana akithibitisha kwamba alimmiliki kwa halali, atalipwa fidia. Yule aliyepewa uhuru lazima aoneshe ana pahala pa kukaa na njia ya kupata riziki, na asipoonesha atahesabiwa mzururaji, na sheria ya wazururaji ipo. Tena atapaswa kulipa kodi na kufanya kazi za serikali zitakazowekwa juu ya raia wengine. Na masuria waliachwa nje: walihesabiwa kama wake wa nyumbani, wabakie walipo, isipokuwa aliyeteswa au asiye na watoto akikubaliwa na mahakama. Wao walingoja mpaka amri ya 1909.

Sasa turudi kwenye masuali yetu matatu. Nani aliulizwa? Walioulizwa ni London, balozi mkuu Arthur Hardinge, Mathews na Sultani. Nani alilipwa? Alilipwa mwenye mtumwa. Aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto, akafanyishwa kazi miaka 30 bila ya ujira, hakulipwa hata pesa moja. Fidia ilikuwa ni ya aliyepoteza mali, na aliyepoteza maisha yake hakuandikiwa kifungu. Na nani aliachiwa mzigo? Ni yeyeyule, athibitishe nyumba na kazi, naye nyumba na shamba alilokuwa nalo ni la bwana.

Ndio maana wengi waliokwenda mbele ya maafisa wa serikali walitoka na mkataba wa kazi: ukae katika shamba, upewe kipande cha kulima muhogo wako, na wewe umfanyie mwenye shamba kazi siku kadhaa kila wiki. Hapo ndipo yalipoanza yale ya wakaazi wa mashamba wasiokuwa na ardhi, ambayo miaka 60 baadaye yalikuja kuwa moto wa siasa zetu. Mnaokumbuka kufukuzwa kwa wakaazi mashambani katika miaka ya mwisho ya 1950, wakati vyama vilipokuwa vinagombana, mjue kwamba mzizi wake umo katika karatasi ya 1897.

Uhuru waliojipa wenyewe

Lakini ningekosa haki kama ningeishia hapo, nikaonesha kwamba wale watu walikuwa wanangoja tu kupewa. Maelfu walikwenda mahakamani, lakini wengi zaidi hawakwenda. Waliutafuta uhuru kwa njia zao. Wako waliohama shamba usiku wakaingia mjini. Wako waliopanga bei mpya na bwana yuleyule, kwa sababu msimu wa karafuu haungoji na bwana alijua kwamba sasa mtu anaweza kuondoka.

Na uhuru ule ulionekana hata katika nguo. Mwanamke aliyekuwa akivaa kaniki ya buluu iliyofifia alinunua kanga zenye rangi na maneno, na baadaye akavaa buibui kama bibi yeyote wa mjini. Hakuna amri ya Sultani iliyoandika hayo. Siti binti Saad, ambaye sauti yake sote tumelelewa nayo, alizaliwa kijijini Fumba katika miaka ya 1880 kwa wazazi waliokuwa watumwa. Alikuwa mtoto wakati wa amri ya 1890 na msichana wakati wa ile ya 1897. Mwaka 1911 akaingia mjini, akauza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirikodi sahani za santuri. Sahani zile ziliwafikisha Waswahili wa pwani nzima sauti ya mtoto wa watumwa, na masultani wenyewe walikaa wakamsikiliza. Nikiulizwa ni nani hasa aliyeuandika uhuru wa Zanzibar, nitamtaja yeye kabla ya Hardinge.

Tusijione peke yetu

Ndugu zangu, Zanzibar haikuwa peke yake katika kuchelewa. Mombasa, Malindi na Lamu, ambako bendera ilikuwa ya Sultani na utawala wa Waingereza, hawakuguswa na amri ya 1897. Huko hali ya utumwa iliondoshwa kisheria mwaka 1907. Tanganyika, Wajerumani walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa mpaka 1922 chini ya Waingereza. Na hapa Oman ulifutwa mwaka 1970, Sultan Qaboos bin Said alipoingia madarakani. Wamo watu wazima katika miji hii waliozaliwa kabla ya hapo.

Basi tusiifanye habari hii kuwa fimbo ya kuchapana. Wako wanaosema, "Masultani wetu ndio waliokomesha kwa kalamu zao," wakadhani maneno yamekwisha. Kalamu ilishikwa, mwenye mtumwa akalipwa, na haki ya 1890 ikafutwa kabla mwezi haujesha. Wako wengine wanaosema utumwa ulikuwa wa Mwarabu peke yake na Mwengereza ndiye mkombozi. Hao nao waulizwe karafuu zilikuwa zinauzwa wapi, pembe zilikuwa zinachongwa wapi, fedha za misafara zilikopwa kwa nani, machifu gani wa bara walikuwa wanauza watu, na kwa nini mkombozi huyo aliandika sheria ya wazururaji kabla ya kuandika hati ya ardhi. Kila mmoja ana fungu lake, na fungu la wazee wetu wenye mashamba ni kubwa, tusilipunguze.

Amri baada ya amri

Nimalizie na linalotuhusu sisi tuliokaa humu.

Baraza la kutunga sheria lilipokuja 1926 lilijaa watu wa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa 1957. Ukihesabu kutoka 1957 mpaka Januari 1964, ni miaka sita na nusu tu ambayo Mzanzibari wa kawaida alikuwa na sauti yoyote katika kutunga sheria zake. Baada ya hapo tulirudi kwenye amri. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa ya serikali. Zikatoka amri za kutaifisha nyumba na mashamba, na amri za kuweka watu kizuizini bila ya kesi. Baraza la Wawakilishi halikukaa mpaka 1980. Miaka 16 nchi iliendeshwa kwa karatasi zenye saini ya Rais na Baraza la Mapinduzi.

Wengi humu ndani amri zile ziliwapata wao au wazee wao. Mtu aliamka akaambiwa nyumba si yake. Hakukuwa na mahakama ya kumsikiliza wala fidia, na mlango wa kubisha hodi haukuwepo. Tunaposimulia hayo machozi hututoka, na ni haki yetu. Lakini waliokuwa wakishangilia siku ile, wengi wao walikuwa wajukuu wa watu walioingia mahakamani mwaka 1897 wakatoka bila ya ardhi. Waliposikia eka tatu tatu, walisikia kwamba deni la babu linalipwa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi tuliujua uchungu wa amri mwaka 1964. Wenzetu walikuwa wakiujua tangu zamani, wakati wazee wetu ndio waliokuwa wakisikilizwa barazani kwa Sultani.

Sisemi kwamba dhulma moja inahalalisha nyengine. Aliyenyang'anywa amenyang'anywa, na aliyeuawa ameuawa, na Mwenyezi Mungu ndiye hakimu. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ni mmoja: nchi kuzoea kwamba mambo makubwa ya maisha ya watu huamuliwa chumbani na wachache, wengine wakatangaziwa. Sultani akitoka akaingia Rais, na chumba kikabaki kilekile, tutakuwa tumebadilisha picha ya ukutani tu.

Kwa upande wa pili, tumewahi kuonja dawa. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na theluthi mbili hivi ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Yaliyokuja baadaye, mazuri na mabaya, tunayajua, na uchaguzi uliofutwa wa Oktoba 2015 hatujausahau. Na huo nao ulifutwa kwa tangazo la mtu mmoja. Lakini siku ile ya 2010 watu waliulizwa wao wenyewe, mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa, kila mmoja na karatasi yake moja. Sayyid Ali hakuwahi kuwauliza hivyo, wala Sayyid Hamoud, wala Hardinge, wala Baraza la Mapinduzi.

Kwa hivyo nina ombi moja. Tukizungumza juu ya Zanzibar tuitakayo, kwenye baraza zetu na kwenye maandishi yetu, tusianze na suala la nani atakalia kiti. Tuanze na suala la mtumwa wa Agosti 1890, aliyekwenda kwa kadhi na fedha zake mkononi akaambiwa kifungu kimeshafutwa. Nchi itakayokuwa na mlango wa mtu yule, ambao hauwezi kufungwa na kalamu moja, hiyo ndiyo nchi ya kuitafuta. Na tuanze humu humu kwenye jumuiya zetu, ambamo bado kuna majina watu wanaitana kwa kunong'ona, na posa zinazorudishwa kwa sababu ya babu aliyekufa miaka 100 iliyopita. Hilo halihitaji amri ya serikali yoyote. Linahitaji sisi tuache.

Nilipopatia ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, na mwenye la kunisahihisha uwanja ni wake.